Nilitafuta Mbasa, Nikaletewa Bass

Simu yangu haijui Kinyakyusa, na Kiswahili inakijua kwa kubahatisha. Siku nilipoandika "jinsi ya kuvua mbasa kwa rodi", nikimaanisha samaki wetu wa Ziwa Nyasa, ikanisahihisha bila kuniuliza, ikaniletea bass. Zikaja video moja baada ya nyingine: wanaume wenye kofia na miwani myeusi, wamesimama wima juu ya boti zinazometameta kama gari la harusi, wanarusha mshipi, wanacheka, wananyanyua samaki wa kijani mwenye mdomo mkubwa. Nikaona ndiyo yenyewe. Mbasa, bass, majina yanakaribiana, samaki wenyewe watakosaje kuwa ndugu?

Ilinigharimu misimu miwili, simu moja na vijiko kadhaa vya mke wangu kujua kwamba hata ukoo hawachangii.

Mimi ni fundi wa redio na simu pale Mwanjelwa, Mbeya. Uvuvi sikuurithi, nilichorithi ni kula. Upande wa mama ni watu wa Ipinda, Kyela, na likizo zote za utotoni ziliishia huko, ambako mgeni wa heshima huandaliwa mbasa kwa wali wa mchele wa Kyela, na mtoto hupewa mkia. Nimekula mikia mingi. Rodi nayo ilinijia kwa makosa. Muuza mitumba mmoja aliikuta ndani ya robota la nguo akadhani ni antena, akaniletea mimi kwa kuwa antena ndiyo kazi yangu. Na mimi nikadhani hivyohivyo, mpaka nilipoivuta yote nikaona vile vipete vya kupitishia mshipi. Ikivutwa inafika kama mita 2 na robo, na chini yake ilikuwa na rili, yaani kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, iliyoganda kwa kutu. Nikailipia bei ya antena.

Ile rili ndiyo kitu pekee nilichokifanya sawasawa tangu mwanzo, maana kufungua vitu na kuvirudisha ni riziki yangu. Ndani yake kuna gia mbili kubwa zenye meno na beringi mbili tatu. Meno yanataka grisi kidogo, beringi zinataka tone la mafuta ya cherehani, basi. Ukijaza grisi kama unapaka ekseli ya gari, mchanga wa ufukweni utaingia na kukaa humo. Mafuta ya kula usijaribu kabisa, yakikaa yanageuka gundi. Na ukimaliza kuvua, legeza breki ya rili kabla hujaiweka. Zile sahani ndogo za breki zikikaa zimekazwa miezi miwili zinashikana, na siku samaki akivuta, mshipi unatoka kwa kushtukashtuka badala ya kuteleza. Hapo ndipo unapokatika. Watu wengi wanalaumu mshipi.

Sasa safari ya kwanza. Unaondoka Mbeya alfajiri umevaa sweta, mji uko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Unapita Uyole, unateremka Tukuyu na chai yake na migomba yake. Ipinda sweta liko begani. Na Matema, kwenye ziwa lililo mita 470 na kitu, unatamani kuvua hata ngozi. Nilikuwa na boksi la chambo bandia nililoagiza Dar es Salaam: minyoo ya mpira ya rangi ya zambarau, vyura wa mpira, na samaki wawili wa plastiki wenye ndoano tatutatu. Video zilisema tafuta miti iliyozama. Nikauliza miti iliyozama iko wapi, nikaambiwa huko mto Lufilyo unakoingilia ziwani, mafuriko hushusha magogo. Nikamkodi mzee mmoja wa Lyulilo mwenye mtumbwi, akanipeleka, akakaa nyuma na kafi lake magotini, akaniangalia.

Kufika saa 4 asubuhi nilikuwa nimebakiwa na chambo mbili kati ya tisa. Magogo yalikuwa yamekula zile saba nyingine. Mzee alikuwa hajasema neno tangu tuondoke. Ndipo akauliza:

"Fundi, humo unamtafuta nani?"

"Mbasa, Mzee."

"Mbasa hakai humo." Akatema mate majini. "Humo anakaa kambale. Na mamba."

Tukaondoka. Njiani akanieleza kwa maneno machache kitu ambacho video zote zile hazikuniambia, na hazikuwa na sababu ya kuniambia, maana zilikuwa zinamzungumzia samaki mwingine. Mbasa, alisema, ni msafiri. Ukimsubiri mlangoni kwake utazeeka, kwa sababu hana mlango.

Niliporudi dukani nikasoma kwa utulivu, safari hii nikiwa najua ninachotafuta. Bass wa mdomo mkubwa kwao ni Amerika Kaskazini. Ni mviziaji. Anajibanza chini ya gogo, kwenye majani ya majini au kwenye kivuli cha gati, na chochote kinachopita mbele yake anakivuta ndani kwa lile domo. Msimu wa kuzaa, maji yakifika nyuzi joto 15 mpaka 18 hivi, dume anafagia kiota kwa mkia kwenye kina kifupi, na jike akishataga dume ndiye anayebaki kulinda mayai na watoto. Huyo ni samaki wa nyumbani. Hapa Afrika Mashariki yuko Naivasha, Kenya, alikopandikizwa miaka ya 1920. Na wenyewe wanampenda kupita kiasi: rekodi ya dunia, kilo 10 na ushee, aliiweka George Perry huko Georgia mwaka 1932, na watu wakahangaika miaka 77 mpaka Manabu Kurita alipoifikia kwenye Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Kuifikia, si kuipita.

Mbasa wetu, ambaye wataalamu wanamwita Opsaridium microlepis, hapatikani popote duniani ila Ziwa Nyasa na mito inayomwaga humo. Mwembamba, mweupe kama bati jipya, ameumbwa kwa mbio. Akikomaa chakula chake kikubwa ni usipa, vile visamaki vidogo kama dagaa, na usipa ni kundi linalohama kila saa, kwa hiyo na yeye anahama nalo. Kuzaa kwake ni safari vilevile: mvua zikijaza mito anapanda juu mpaka kwenye changarawe, anataga, anarudi ziwani. Hakuna kiota wala mlinzi. Tena hana meno kwenye taya, maana samaki wa ukoo wake meno yao yako kooni. Yale maelekezo ya kufunga kipande cha waya juu ya ndoano ili samaki asikate mshipi, kwa mbasa ni mzigo wa bure, na maji ya Matema yalivyo maangavu waya unamfukuza.

Nilipoliona hilo, nusu ya ushauri wa bass ukaanguka wenyewe, na nusu iliyobaki nikaanza kuitazama upya.

Lakini kabla ya hapo nilizama. Ilikuwa safari ya pili, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Boti za bass zina kitako kipana na bapa, zimewekwa jukwaa mbele, mtu anasimama juu yake na injini ndogo ya umeme inamsogeza kimyakimya. Mtumbwi wa Matema umechongwa katika mti mmoja, chini ni mviringo, na upana wake ndani ni wa makalio ya mtu mmoja aliyefunga. Nikasimama nirushe mshipi kama nilivyoona. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka kuwa ndani ya maji nikitazama tumbo la mtumbwi. Mzee alikuwa tayari ameshika ubavu, kofia bado kichwani, ananiambia nisiupande, niushike tu. Tukausukuma mpaka ufukweni. Simu haikurudi. Rodi ilirudi kwa sababu nilikuwa nimejifunga mshipi wake mguuni bila kujua.

Tangu hapo nina sheria zangu, na sizivunji hata ziwa likiwa limelala kama kioo. Nakaa chini kabisa, si kwenye ubao bali sakafuni, magoti yamekunjwa. Mshipi narushia ubavuni kwa kiwiko, mkono haupandi juu ya bega, na kwa staili hiyo rodi ya mita 1.8 inatosha, ndefu zaidi inagonga mwenye kafi. Kila kitu kina kamba: rodi, boksi, simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Upo wa kukumbia maji unakaa mkononi mwangu, si chini ya mizigo. Na navaa jaketi la kujiokolea. Vijana wa ufukweni walinicheka siku ya kwanza. Mzee alicheka pia, halafu mwaka uliofuata akaniuliza linauzwa wapi.

Nanga ni hadithi nyingine. Upande wa mashariki wa Matema, Milima ya Livingstone haishuki ziwani taratibu, inaingia wima. Unaweza kugusa mwamba kwa kafi na chini yako pasifikiwe na kamba uliyonayo. Ziwa lenyewe katikati linafika kina cha mita 700. Jiwe langu lenye kamba ya mita 20 lilikuwa linaning'inia tu kama kengele. Pale hutii nanga. Mwenye kafi ndiye anayekushikilia, na ndiyo maana mimi sitoki bila Mzee au mtu aliyefundishwa naye. Kupiga kafi na kuvua kwa wakati mmoja najua watu wanaoweza. Mimi si mmoja wao.

Boti ya injini niliijaribu mara moja, tulichanga watu wanne. Ni nzuri kwa kwenda Ikombe kutazama akina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu. Kwa mbasa haikutufaa: makelele, moshi, na hata injini ikipunguzwa mpaka mwisho bado ilikuwa inakimbia kuliko chambo yangu ilivyotaka. Mwendo wa kafi la mtu asiye na haraka ndio mwendo wenyewe.

Hapo sasa tunafika kwenye vijiko.

Mbasa anakula usipa, usipa ni kidogo, chembamba, kinang'aa. Kati ya chambo zangu zote ghali hakuna iliyofanana nacho. Siku moja napiga chai dukani nikaona kijiko kinavyopiga mwanga ukutani. Nikakata mpini, nikabaki na kichwa cha kijiko, sentimita 4 na nusu hivi. Nikatoboa kwa drili tundu la milimita 2 kila ncha, nikalainisha kingo kwa tupa na msasa, maana kingo kali inakata mshipi na kidole. Tundu la nyuma nikatia pete ndogo ya funguo na ndoano moja. Si ile ya midomo mitatu. Ya midomo mitatu inashika nyavu za watu, inashika shati, inashika mkono wako samaki akijipiga, na kama unataka kumrudisha samaki mdogo majini inampasua. Tundu la mbele nikatia pete na kile kipete cha shaba kinachozunguka pande mbili. Hicho kipete usikiruke. Kijiko kinavyozunguka majini, bila hicho mshipi wote unajisokota, na ukiulegeza unakuwa nywele za mtoto ambaye hajachanwa wiki nzima.

Kijiko cha bati jepesi hakifai, kinaelea upande. Kinachotakiwa ni chuma cha pua kizito kidogo, vile vya seti ya harusi. Mke wangu anajua seti yake ilikuwa na vijiko 12. Sasa vipo 7, na mazungumzo juu ya jambo hilo yanaendelea.

Kinavyotumika: mtumbwi unakwenda polepole kando ya mwamba au kando ya kundi la usipa, kijiko kiko mita 25 au 30 nyuma, rodi imelala karibu na maji. Mwenye kafi akipiga mapigo kumi, anatulia mapigo mawili. Kijiko kinashuka kidogo, kinayumba, kinaonekana kama usipa aliyechoka. Mara nyingi ni hapo kwenye kutulia ndipo unapopata pigo. Hili, nikiri, nililitoa kwenye video za bass. Kule wanalihubiri sana: usivute chambo kwa mwendo mmoja kama unavuta ndoo kisimani, vuta, tulia, vuta. Samaki anayevizia na samaki anayekimbiza wote wawili wanapenda kumdaka aliyedhoofika.

Na si hilo tu nililowakopa. Ndoano nainoa kila safari, nikiipitisha juu ya ukucha. Ikiteleza ni butu, ikikwaruza iko sawa. Fundo nalilowesha kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu inajiunguza yenyewe na kupoteza nguvu palepale penye kazi. Napitisha mshipi kwenye tundu, naurudisha kuuzungushia mara tano au sita, ncha naiingiza kwenye kijitundu kilicho jirani na pete, halafu naipitisha tena kwenye kitanzi kikubwa kilichotokea, mate, navuta. Mshipi wangu ni nailoni ya milimita 0.30, ambayo kibandiko chake kinasema kilo 6 au 7. Breki ya rili naipima kwa ile mizani ya kuning'inia ya kupimia mizigo: nainasa kwenye mshipi, navuta, na mshipi uanze kutoka kwenye kilo 2, yaani kama theluthi ya nguvu yake. Ukikaza zaidi kwa kiburi, mbasa wa kwanza mkubwa atakufundisha. Wangu alipasuka mdomo akaondoka, nikabaki na kijiko kitupu na Mzee anayetazama milima kwa adabu.

Jua pia linaua nailoni. Mita moja ya mwisho naikata kila safari, na mshipi wote nabadilisha mara moja kwa mwaka. Sitaki kusikia mtu akisema ni ghali. Ghali ni nauli ya Mbeya mpaka Matema kwenda kukata mshipi mbovu.

Majira ndiko tulikoachana kabisa na watu wa bass. Wao kalenda yao inaongozwa na joto la maji: baridi kali samaki amelala chini, maji yakipata moto anapanda kuzaa, kiangazi anakimbilia kina, na kadhalika. Sisi uso wa ziwa haushuki chini ya nyuzi 20 mwaka mzima. Kinachogawa mwaka wetu ni upepo na mvua.

Kuanzia Mei mpaka Agosti kuna upepo wa kusini, ule ambao ng'ambo ya Malawi wanauita mwera. Sisi wa Matema tuko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo mawimbi yanayotufikia yamepata uwanja mrefu wa kujikusanya. Upepo unaweza kuwa mdogo na mawimbi makubwa. Yalizaliwa jana, mbali. Mgeni anatazama miti haitikisiki, anaingia. Mzee anatazama mstari wa upeo wa kusini. Ukiwa umenyooka kama rula, tunakwenda. Ukiwa na meno kama msumeno, tunakunywa chai. Miezi hiyo kuna siku nzuri katikati, lakini unaweza kulala Matema siku tatu bila kugusa kafi, kwa hiyo mimi siku hizi sipangi safari Julai.

Septemba mpaka mvua zinapoanza, kwenye Novemba, ndiyo miezi yangu. Ziwa limetulia, maji maangavu, usiku upepo mwepesi unashuka kutoka milimani na mchana unageuka kutoka ziwani. Tunaingia saa 11 alfajiri, na saa 4 tuko nchi kavu, kabla upepo wa mchana haujaamka. Bora zaidi ni alfajiri inayofuata usiku wa giza, mwezi haupo, wavuvi wa usipa wamekesha na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri, na nyingine nimezitengeneza mimi. Usipa uliokusanywa na taa hautawanyiki mara moja. Asubuhi bado uko jirani, na anayeufuata yuko chini yake.

Ukiwa huna wa kukuonyesha usipa ulipo, angalia ndege. Mdiria akisimama hewani akipiga mbawa mahali pamoja, chini yake kuna kitu. Minandi wakizama kwa zamu, sogea. Furukombe usimfuate, yeye ana mambo yake. Siku moja niliona moshi mkubwa unapanda katikati ya ziwa nikamwambia Mzee kuna boti inaungua. Alicheka mpaka akaweka kafi chini. Walikuwa wadudu, mamilioni ya vijimbu visivyouma vinavyozaliwa chini ya maji na kupanda hewani kama wingu. Upepo ukivileta nchi kavu watu wanavikamata, wanavifinyanga wanavikausha na kuvila. Nimeonja. Ni kama dagaa aliyesagwa, na chumvi ingesaidia.

Mvua zikikolea, na Kyela mvua si mchezo, Aprili hasa, mito inaingia ziwani ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapa nilikuta jambo jingine ambalo watu wa bass walikuwa sahihi kabisa: vua kwenye mpaka wa maji machafu na maji safi. Mstari ule unauona kwa macho, kahawia upande huu, kijani upande ule, na kijiko kikipita upande safi sambamba na mstari, kinapigwa.

Kinapigwa mno, kusema kweli. Masika ya kwanza niliyoijua hiyo mbinu nilikwenda Machi, na kwa asubuhi moja nikapata mbasa sita, wakubwa kuliko wote niliowahi kuwavua. Nilikuwa nawapigia watu simu nikiwa bado ndani ya mtumbwi. Tulipowapasua ufukweni, wanne walikuwa wamejaa mayai. Mzee hakusema kitu cha kunihukumu. Aliokota mfuko mmoja wa mayai akauweka kwenye kiganja, akauangalia, akasema, "Hawa walikuwa wanakwenda." Kisha akaeleza habari za baba yake, jinsi mbasa walivyokuwa wakipanda mtoni na watoto wanasikia maji yakichemka usiku. Sasa kuna nyavu kwenye midomo ya mito, kuna kokoro linalokokota mpaka vifaranga ingawa limekatazwa, na huko juu mashamba yamefika ukingoni, udongo unafunika changarawe. Mbasa ameingia kwenye orodha ya samaki walio hatarini.

Sitasema mimi ni mtakatifu kuliko mwenye nyavu anayelisha watoto sita. Yeye ni riziki, mimi ni starehe, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kwangu kuacha. Desemba mpaka Mei sisogei kwenye mdomo wa mto wowote. Kama nimeshindwa kuvumilia, navua kule kwenye miamba mbali na mito, na jike aliyevimba tumbo anarudi majini. Ile ndoano moja badala ya tatu ndiyo inayonisaidia hapo. Na kabla ya kuanza napita kwa watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa mwalo ule, kuuliza ruhusa na kinachoruhusiwa. Sheria ya Uvuvi ni ya mwaka 2003, haianguki kwa sababu wewe umekuja na rodi ya mitumba. Mara moja tu nimeulizwa kibali, na nilikuwa nacho, na furaha niliyoipata kukionyesha ilikuwa ya kitoto.

Mambo mawili ya mwili, haraka. Kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani ukingoni, kwa hiyo mtumbwi nauingilia penye mchanga na mawimbi, na kila mwaka napima. Na mamba aliyetajwa na Mzee siku ile ya kwanza hakuwa wa kunitisha. Nimemwona, palepale kwenye magogo yaliyomeza vyura wangu wa mpira.

Minyoo ya zambarau iliyobaki, miwili, niko nayo dukani kwenye kioo cha kaunta. Wateja wanauliza ni kifaa cha simu gani.

Oktoba iliyopita nilikuwa nimeshafunga mzigo, kijiko kipya cha tano nimekitoboa (wa nyumbani alikuwa hajakihesabu), mfuko wa plastiki umefungwa mara mbili, nasubiri gari la saa 10 usiku. Simu ikalia.

"Fundi, umelala?"

"Bado, Mzee. Nakuja kesho."

"Kesho usije. Kusini kuna meno."

Nikamuuliza kama ana uhakika, maana Mbeya anga lilikuwa safi na nyota zote zipo. Akanyamaza kidogo, nikasikia maji yanapiga nyuma yake. Halafu akasema njoo Jumanne, na uje na lile jaketi la pili, mjukuu wangu anataka kujifunza kafi. Nikafungua mzigo, nikalegeza breki ya rili.